Muda wangu katika nyumba salama unaisha, na mwanangu wa kiume bado yuko kwa baba yake

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Ninakuandikia nikiwa katika nyumba salama ya shirika moja hapa Mwanza. Sitalitaja shirika hilo wala mahali ilipo nyumba yenyewe, kwa sababu kutunza siri hiyo ndilo sharti la kwanza tulilopewa siku tuliyopokelewa. Nina miaka 34 na watoto watatu: mvulana wa miaka 13 ambaye yuko darasa la saba, binti wa miaka 8, na mtoto wa mwisho, wa kike pia, mwenye miaka 4.

Nilifunga ndoa kanisani mwaka 2011, baada ya mahari ya ng'ombe kumi na wawili kutolewa kwetu. Mume wangu ni fundi magari na ni mtu wa kazi kwelikweli. Tulijenga pamoja nyumba ya vyumba vitatu huko Igoma, yeye akitoa fedha za gereji na mimi fedha za dagaa ninaowauza Mwaloni, Kirumba, ingawa kiwanja kimeandikwa jina lake peke yake. Alianza kunipiga nilipokuwa na mimba ya binti yetu. Kila mara aliomba radhi, nami nikasamehe, hata majirani wakazoea. Mwezi wa nne mwaka huu alinivunja mkono wa kushoto mbele ya watoto, na mwanangu mkubwa alipojaribu kuingia kati alisukumwa akaanguka. Jirani mmoja alinipeleka hospitali, kwenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako nilimkuta daktari, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, maelezo yangu yakaandikwa, na jioni ileile nikaletwa hapa pamoja na binti zangu.

Mwanangu wa kiume hakuja. Nyumba hii haipokei wavulana waliozidi miaka kumi, kwa kuwa tunalala wanawake na wasichana chumba kimoja, na wengine wamefika hapa wakiwa na hofu kubwa ya kila mwanamume. Waliahidi kumtafutia nafasi katika makao ya watoto, lakini yako mbali na shule yake, naye akakataa kwa sababu ana mtihani wa taifa mwezi wa tisa. Basi akabaki Igoma na baba yake, na bibi yao akahamia pale kuwapikia. Mara moja kwa wiki mlezi wetu hunipigia kwa simu ya ofisi nizungumze naye. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama, rudi, baba hanywi tena." Tangu siku hiyo silali.

Hapa tunaruhusiwa kukaa miezi mitatu na yangu inakaribia kwisha. Shirika limesema litanilipia kodi ya chumba kwa miezi sita, na mtoto mdogo atapata nafasi bila malipo katika kituo chao cha kulelea watoto mchana. Wametufundisha kushona na kutengeneza sabuni, nami ninashukuru, lakini kazi ninayoijua ni dagaa, na Mwaloni ndipo mume wangu anapojua kunitafuta.

Upande wa pili, wazee wa ukoo wamekutana na mama yangu na kaka yangu. Wanasema mume wangu ameacha pombe na yuko tayari kuomba radhi mbele ya kikao, ila kwanza nikafute kesi polisi, na wanataka jibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama ananiambia kwamba hata yeye alivumilia. Kaka yangu amekasirika zaidi, kwa kuwa ng'ombe wa mahari yangu ndio aliooa nao mkewe, na anauliza atawatoa wapi iwapo watadaiwa.

Ninaona aibu kuendelea kuwaelemea watu wa shirika, na ninaona nimemtupa mwanangu ili kuokoa ngozi yangu. Mume wangu hajawahi kuwapiga watoto kwa makusudi, hivyo hatari ni yangu peke yangu. Je, nirudi kwa ajili ya mwanangu, au niende kwenye chumba hicho na kumwacha huko?

Mama wa watatu, Mwanza

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mkono, na pole kwa miaka yote iliyotangulia kuvunjika kwake.

Ninavyoielewa barua yako, njia mbili zimewekwa mbele yako, nawe unatakiwa uchague moja kabla mwezi haujaisha: urudi Igoma uwe karibu na mwanao, ukikubali masharti ya wazee, au uhamie chumba cha kupanga na binti zako, ukiamini kwamba kufanya hivyo ni kumwacha kijana. Kabla sijaigusa njia yoyote kati ya hizo, naomba tutazame mambo machache ambayo umeyaandika kana kwamba yamekwisha kuthibitika.

La kwanza ni hilo la kumtupa mwanao. Ulitoka hospitalini ukiwa na mkono uliovunjika, ukaingia katika nyumba ambayo kanuni zake hazikumruhusu yeye, naye akapewa nafasi nyingine akaikataa kwa sababu ya shule. Kanuni ile ina sababu zake, na umezieleza kwa haki kuliko ambavyo wengi wangefanya. Hata hivyo ni kanuni inayomuumiza mama mwenye kijana, na mashirika yetu hayajapata jibu zuri juu yake. Uchungu unaousikia unatokana na upungufu huo wa huduma. Hautokani na moyo wa mama aliyemkataa mtoto.

La pili ni kwamba hatari ni yako peke yako. Kijana wa miaka 13 aliyeingia kati ya baba na mama akaangushwa chini tayari yumo ndani ya hatari hiyo, awe alikusudiwa au hakukusudiwa. Hao wadogo nao waliona. Mtoto anayekua akishuhudia kipigo hudhurika katika usingizi, katika masomo na katika namna atakavyoielewa ndoa siku za mbele, hata kama hakuna mkono uliowahi kumgusa. Sisemi hivi ili kukuongezea mzigo. Nasema kwa sababu, ukijiuliza lipi ni jema kwa watoto, nyumba yenye wazazi wote wawili haiwezi kuhesabiwa kuwa salama kwa kuwa tu watoto hawajapigwa.

Na la tatu, aibu ya kuwaelemea watu wa shirika. Kodi, kituo cha watoto, simu ya kila wiki: huduma hizo zilianzishwa kwa ajili ya mama aliye katika hali kama yako, na anayezitumia ipasavyo hamnyimi mtu mwingine haki yake. Ninaligusa hili kwa makusudi, kwa sababu mtu anayejiona mzigo huona haya kuuliza maswali, na wewe unayo maswali muhimu ya kuuliza.

Swali moja wapo linahusu muda. Unaandika kana kwamba siku ya mwisho ya shirika na Jumapili ya wazee ni tarehe moja, lakini hizo ni tarehe mbili zilizowekwa na watu wawili tofauti kwa sababu tofauti. Ya wazee haina nguvu ya kisheria; ukihitaji muda zaidi wa kutafakari, unaweza kuwapelekea salamu kupitia kwa mama kwamba jibu lako bado. Ya shirika ina uzito, lakini nayo unaweza kuiombea nyongeza, kwa maandishi, ukieleza kwamba upelelezi polisi haujakamilika na kwamba mwanao ana mtihani mwezi wa tisa. Wanaweza kukataa. Maombi ya namna hiyo, hata hivyo, si mageni kwa watu wa kazi hii.

Sasa tuitazame njia ya kurudi, na tuitazame kwa heshima, maana wapo wanawake wanaorudi kwa sababu zao na hawastahili kubezwa. Huenda kweli mume wako ameacha pombe. Swali langu ni iwapo pombe ndiyo iliyokuwa ikipiga. Je, alikuwa akikupiga hata siku ambazo hakunywa? Je, alikuwa akizuia fedha zako, simu yako, safari zako za kwenda kwa mama? Mtu anaweza kuacha chupa na bado akaamini kwamba mke ni wa kurudiwa kwa mkono, na imani hiyo hukaa kimya siku za suluhu kisha ikarejea. Ungehitaji pia kujua nani atasimamia ahadi hiyo akiivunja. Wazee watakuwa wamekwisha kwenda makwao, na majirani, kwa maneno yako mwenyewe, walikwisha kuzoea.

Lipo sharti ambalo lingenifanya nisite, nalo ni kutakiwa ufute kesi kwanza. Radhi ya kweli kwa kawaida haidai kwamba aliyeumizwa atangulie kuondoa kinga yake. Fahamu vilevile kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Wewe ni mlalamikaji na shahidi, na mwenye mamlaka ya kuiondoa si wewe wala kikao cha ukoo. Usitie saini karatasi yoyote ya "nimesamehe" kabla hujazungumza na mtoa msaada wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Mlezi wenu atajua walipo, na wapo wanaoweza kuja kwako badala ya wewe kwenda kwao.

Ukipenda suluhu, ipo njia iliyo na ulinzi zaidi kuliko kikao cha nyumbani. Baraza la Usuluhishi la Ndoa linatambuliwa na sheria, shauri huandikwa, na unaweza kuomba kwamba mkutane mbele ya afisa ustawi. Baraza hilohilo ndilo ambalo kwa kawaida hutangulia kabla ya mahakama kusikiliza maombi ya talaka, kwa hiyo kulifikia hakukufungi upande wowote. Kukutana kunaweza kutangulia miezi mingi kabla ya kulala chini ya paa moja. Ukimpa mume wako pendekezo hilo, namna atakavyolipokea itakufundisha mengi kuliko taarifa ya kwamba hanywi.

Kuhusu ng'ombe, ninamwelewa kaka yako, maana hofu ya mtu aliyeoa kwa mahari ya dada yake ni hofu halisi kwetu huku. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikufanyi dhamana ya ng'ombe hao. Kifungu cha 66 kinatamka wazi kwamba, hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Haki yako ya kwenda mahakamani kuomba kutengana au talaka haisubiri mifugo irudi zizini. Anachokihofia kaka yako ni mazungumzo kati ya wanaume wa pande mbili, na ni haki yake kukuomba umsaidie kuyafikiria, ila si haki kwamba mwili wako uwe ndio malipo.

Nyumba ya Igoma nayo isikutishe kama inavyokutisha. Kiwanja kuwa na jina lake hakumaanishi kwamba huna chako. Wakati ndoa bado ipo, kifungu cha 59 kinamzuia kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yako, na mahakama ikifikia kugawa mali, kifungu cha 114 kinaitaka itazame mchango wa kila mmoja. Fedha za dagaa zilizonunua matofali ni mchango. Hata kazi za nyumbani ni mchango, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ilikwisha kuliamua mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Anza kukusanya kumbukumbu: majina ya mafundi, risiti kama zipo, daftari la kikoba kama uliwahi kukopa kwa ajili ya ujenzi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho chako cha taifa, kama vilibaki nyumbani, mwombe askari wa Dawati asaidie kuvipata. Usivifuate mwenyewe.

Nije kwenye chumba. Ninaona umekitaja kwa mistari michache tu, kana kwamba ni jambo rahisi lenye gharama moja ya kumkosa mwanao, nami nadhani linastahili kufikiriwa kwa kina zaidi, kwa sababu akina mama wengi hawashindwi siku ya kuhama bali mwezi wa saba baada ya kuhama, kodi ya msaada inapokwisha.

Chukua saa za kazi yako. Biashara ya dagaa huanza alfajiri, na mnunuzi anayefika Mwaloni jua likiwa juu hukuta mzigo mzuri umekwisha chukuliwa. Kituo cha watoto kinafunguliwa saa ngapi? Kama ni saa moja asubuhi, nani atakuwa na mtoto wa miaka minne tangu saa kumi na moja, na nani atampeleka dada yake shule? Je, kuna mama mwenzako hapo mlipo ambaye naye anahama, mkapanga vyumba jirani mkapokezana asubuhi? Je, kituo kinapokea mtoto mapema kwa mama mwenye sababu? Uliza pia nafasi hiyo ya bila malipo itadumu kwa muda gani, maana kodi ikisimama na ada ya kituo ikaanza mwezi mmoja, utajikuta unarudi Igoma kwa sababu ya fedha na si kwa uamuzi wako.

Halafu kuna Mwaloni penyewe. Kurudi mahali ambapo mume wako anajua kukutafuta ni hatari, na sitaipunguza, kwa sababu inafahamika kwamba kipindi baada ya mwanamke kuondoka ndicho ambacho mara nyingi kipigo huwa kikali zaidi. Lakini kuiacha kazi unayoijua, pamoja na wateja wako na mkopo unaoaminiwa kupewa kwa neno tu, nako ni hasara kubwa, na sioni kwa nini cherehani iwe ndiyo njia ya kila mwanamke anayetoka nyumba salama. Huenda lipo la katikati: mtu unayemwamini anunue mzigo pale kwa niaba yako, nawe uuze kwa rejareja katika mtaa mwingine wa jiji, au usafirishe kwa wateja wa mikoani. Zungumza na shirika kama sehemu ya msaada wao inaweza kuwa mtaji wa dagaa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, ipo pia, ila hutolewa kwa vikundi na haiji haraka. Isiwe tegemeo lako la miezi ya mwanzo.

Usalama wa chumba usiishie kwenye komeo la mlango. Mwenye nyumba aelezwe kiasi gani? Shule mpya ya binti yako inajua nani anaruhusiwa kumchukua? Simu ya mtoto wa jirani inaweza kupiga picha ikafika Igoma jioni hiyohiyo. Kaeni na afisa ustawi mwandike mpango, na uwe na namba ya Dawati la kituo cha polisi cha huko utakakohamia, mbali na ile ya mahali ulipo sasa.

Mwisho, kijana wako, ambaye ndiye kiini cha barua yako. Aliposema "Mama, rudi," huenda alikuwa anakuomba wewe, sauti yako na uji wa asubuhi, kuliko alivyokuwa anaiombea ile ndoa. Huenda pia kuna aliyemtuma, na mtoto aliyefanywa mjumbe kati ya wazazi hubeba mzigo usio wa umri wake. Usimuulize kwa simu kama ametumwa, maana hujui nani amesimama karibu naye. Unachoweza kumwambia, bila kumtaka achague upande, ni kwamba hukuondoka kwa sababu yake, kwamba hakukosea alipojaribu kukusaidia, na kwamba kukulinda si kazi yake.

Je, kuna mtu yeyote aliyekwenda Igoma kuona anaishi vipi? Afisa ustawi anaweza kufika nyumbani au shuleni akazungumza naye faraghani. Unaweza kuomba muonane ana kwa ana katika ofisi ya ustawi au kwa mwalimu mkuu, mahali ambapo baba yake hatajua njia utakayorudia. Naye mwenyewe afahamu kwamba namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Kisheria, mahakama huelekea kuona kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, na hilo linamgusa binti yako wa miaka minne, ingawa linaweza kupingwa. Kwa kijana wa miaka 13 mahakama itapima ustawi wake na kusikiliza matakwa yake mwenyewe, kama yametoka kwake kwa uhuru. Baba naye, popote watakapoishi watoto, bado ana wajibu wa kuwatunza.

Ukiyaweka haya pamoja, swali la kurudi au kumwacha linaanza kuonekana finyu. Mtihani ni mwezi wa tisa, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati kuna miezi ambayo kijana anaweza kuhamia kwako, au kwa ndugu anayeaminika, bila kuvurugiwa masomo, ikiwa atataka na ikiwa chumba kitakuwa kimetulia. Hadi wakati huo kuna kuonana, kuna simu, kuna ustawi kumtembelea. Au huenda, baada ya Baraza na miezi ya kumtazama mume wako kwa mbali, ukaona jambo ambalo mimi nikiwa hapa siwezi kuliona. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye utakayeishi ndani ya uamuzi huo. Sitakuamulia, na ningependa mama, kaka na wazee nao wasikuamulie.

Kwa wiki hii ningeanza na mazungumzo mawili: moja na mlezi wako kuhusu nyongeza ya muda, saa za kituo na mtaji, na jingine na afisa ustawi kuhusu kumwona mwanao kabla ya ile Jumapili. Ukishayapata majibu yao niandikie tena kwa njia ileile uliyotumia, bila kutaja mahali ulipo, tuendelee kutoka hapo.